Zohali na Mwezi burji moja: kabla hujamwambia mtu ana "sumu", mtafute mwenye nyumba

#1 Mtoto wa Chumbageni (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aupitie jioni akitulia.

Wiki iliyopita mdogo wangu wa kike alinipigia simu saa tano usiku, analia. Alikuwa amempa mnajimu mmoja wa mtandaoni, wa huko India, tarehe na saa yake ya kuzaliwa. Akarudishiwa ujumbe wa mistari minne. Mwezi na Zohali wamekaa burji moja, yoga hii, yaani mkao huu wa sayari, huitwa Visha, sumu. Wamekaa nyumba ya mama, kwa hiyo mama yako hatauvuka mwaka huu salama. Ndoa yako nayo ina ufa. Dawa ni jiwe la yakuti samawi la ratti 5 (ratti ni kipimo cha uzito wa vito), uvae Jumamosi. Bei ya jiwe ikafuata chini yake.

Mimi unajimu wa Kihindi, jyotish, nilianza kuujua nikiwa kijana wa duka la vitambaa Mtaa wa Kisutu, Dar. Tajiri wangu alikuwa mzee wa Kigujarati. Kila asubuhi kabla ya kusukuma mlango wa chuma alifungua panchang, ile kalenda yao, akaangalia Mwezi umelala nakshatra gani, yaani kituo gani kati ya vituo vyake 27 vya angani. Janmakshar yake, yaani ramani yake ya kuzaliwa, ilikuwa karatasi ndefu iliyoviringishwa kama mkeka, wino umeshageuka rangi ya chai. Alinifundisha miaka sita, akipima kitambaa kwa mkono mmoja na kuhesabu nyumba kwa vidole vya mkono wa pili. Nasema haya ili mjue nimeupata wapi ujuzi wangu na unaishia wapi.

Sasa tuingie kwenye mada. Sayari mbili zikikaa burji moja, Wahindi huita yuti. Zipo yuti zinazopendwa na zipo zinazoogopwa, na ya Mwezi na Zohali ni miongoni mwa zinazoogopwa sana. Sababu si ngumu kuielewa. Mwezi ni moyo, ni mama, ni usingizi, ni maziwa. Ndio wenye mbio kuliko wote, burji moja huimaliza kwa siku mbili na robo hivi. Zohali, wao humwita Shani, na jina refu ni Shanaishchara, mwenda polepole. Burji moja humchukua miaka miwili na nusu. Yeye ni uzee, upweke, kazi ngumu, kungoja. Mfunge mtoto anayekimbia kamba moja na mzee anayekokota miguu, utaona taabu ya wote wawili. Ndiyo yuti hii. Mtu wake hukua haraka, hubeba mizigo ya watu wazima akiwa mdogo, huficha machozi, na furaha ikimjia huitazama mara mbili kabla ya kuipokea.

Lakini jina la yoga ni kama jina la mtaa. Halikwambii ndani ya nyumba wanaishi vipi. Mzee wangu wa Kisutu alikuwa na swali moja ambalo hakuwahi kuliruka: mwenye nyumba ni nani? Kila burji ina sayari inayoimiliki. Sayari nyingine ikikaa pale ni mpangaji tu. Mpangaji anaweza kuwa mnyonge, lakini kama mwenye nyumba ni mtu mzito na wanaelewana, hakuna atakayemtolea vyombo nje.

Kabla ya mwenye nyumba, hata hivyo, kuna saa. Na hapa ndipo nilipokuta kosa lililonitoa jasho.

Mdogo wangu aliandika: Jumatano, tarehe 8 Oktoba 1986, Tanga, saa 3:30 usiku. Mnajimu akaingiza 3:30 usiku kwenye programu yake kama watu wengine duniani wanavyoihesabu, yaani kwetu saa tisa na nusu, alfajiri inakaribia. Mswahili akisema saa tatu na nusu usiku anasema nini? Watu wamekula, watoto wanalala. Hiyo ni tofauti ya saa sita, na lagna, burji inayochomoza mashariki wakati mtoto anatoka, hubadilika kila baada ya saa mbili hivi.

Nikampigia mama kuhakikisha. Maneno yake nayaweka kama alivyoyasema: "Alizaliwa usiku wa Jumatano. Redio ilikuwa imeshamaliza taarifa ya habari ya saa mbili, baba yako amerudi Isha zamani, mkunga anachemsha maji mara ya pili, mafuta ya chemli yanakaribia kuisha. Saa tatu na nusu, nilimsikia mkunga akiitaja."

Usiku wa Jumatano. Watu wa pwani mmeshaona. Kwa mama, siku huanza jua likizama. Usiku wa Jumatano ni ule wa kuamkia Jumatano, ambao kwa kalenda ya ofisini ni Jumanne tarehe 7. Karani wa cheti aliambiwa "Jumatano" akaandika 8. Miaka yote hii mdogo wangu anasherehekea siku ya kuzaliwa iliyochelewa saa mbili na nusu.

Kwa hiyo ramani aliyosomewa ni ya alfajiri ya tarehe 8, lagna Simba, na nyumba zikihesabiwa kuanzia kwenye lagna, Mwezi na Zohali nyumba ya nne, nyumba ya mama. Ramani yake ya kweli ni ya tarehe 7 saa tatu na nusu usiku, lagna Ng'ombe, Mwezi na Zohali nyumba ya saba, nyumba ya ndoa. Yuti haikuondoka. Wote wawili bado wako burji ya Nge, wote nakshatra ya Anuradha, wameachana kama digrii mbili au tatu tu. Kwa hiyo sikumwambia mdogo wangu kwamba hakuna kitu. Kitu kipo. Ila mama yetu ametolewa kwenye mlango ambao hakuwahi kusimama.

Nipumzike kidogo, nitarudi na usomaji wenyewe. Wajuzi mkaribie.

#2 Kijana wa Ukonga

Nimekaa pale. Endelea mkuu.

#3 Bi Mashuke

Hilo la saa ni kweli tupu. Mwanangu alizaliwa saa moja asubuhi, nikaandikiwa ramani ya saa saba usiku wa manane. Nilisomewa mtoto wa mtu mwingine nikatoa na hela.

Swali: mimi magazetini ni Mizani, lakini hawa wa Kihindi wananiita Mashuke. Nani sahihi?

#4 Mtoto wa Chumbageni

Bi Mashuke, kila mmoja ana mahali pake pa kuanzia kuhesabu. Zile nyota za magazetini, Punda, Ng'ombe, Mapacha, tulizozoea tangu enzi za marehemu Sheikh Yahya Hussein, huanza kuhesabiwa pale jua linapokuwa tarehe 21 Machi hivi. Wahindi wao hushika nyota zenyewe za angani zisizohama. Mhimili wa dunia huyumba polepole kama pia, kwa hiyo hesabu hizi mbili zimeachana, na leo tofauti ni digrii 24 na kitu. Wao huiita ayanamsa. Zilikuwepo ayanamsa nyingi, kila ukoo na yake, mpaka serikali ya India ilipounda kamati ya kalenda chini ya mwanafizikia Meghnad Saha. Ripoti ilitoka 1955, na ile ya N. C. Lahiri, aliyekuwa katibu wa kamati, ndiyo wengi wanaitumia hadi leo. Ukizaliwa siku za mwanzo za Mizani ya magazetini, kwa Wahindi jua lako bado liko Mashuke.

Tena wao wakikuuliza "burji yako ipi" wanataka ya Mwezi, si ya jua.

#5 Mtoto wa Chumbageni

Naendelea na ramani. Atakaye achore kwenye karatasi.

Lagna Ng'ombe. Nyumba ya tano, Mashuke, kuna Jua na Ketu, mkia wa joka. Na kweli tarehe 3 Oktoba 1986, siku nne kabla, jua lilipatwa. Nyumba ya sita, Mizani, kuna Zuhura na Utaridi. Ya saba, Nge, Mwezi na Zohali. Ya tisa, Mbuzi, Mirihi. Ya kumi, Ndoo, Mushtara. Ya kumi na moja, Samaki, Rahu, kichwa cha joka.

Mwezi ndani ya Nge umeshuka. Hapo ni mahali pake pa unyonge kuliko pote, wao husema neecha. Tena ni mwezi mchanga wa siku nne, mwanga wake haujajaa. Ukiishia hapo, ndiyo, utaandika ujumbe wa mistari minne.

Sasa muulize mwenye nyumba. Nge ni ya Mirihi. Mirihi yuko wapi? Yuko Mbuzi, na Mbuzi ndiyo burji anayotukuka. Mwenye nyumba yuko juu ya kiti. Na Mbuzi ni ya nani? Ya Zohali. Basi Zohali kakaa nyumba ya Mirihi, Mirihi kakaa nyumba ya Zohali. Wamebadilishana funguo. Wahindi huita parivartana, na hapa imeunganisha nyumba ya saba ya ndoa na ya tisa ya bahati, dini na safari za mbali. Mbadilishano wa nyumba hizi mbili ni wa kheri, si wa kuogofya.

Halafu Zohali mwenyewe. Kwa mtu wa lagna Ng'ombe, Zohali si adui. Anamiliki ya tisa na ya kumi, mojawapo ya nyumba za bahati na mojawapo ya nguzo, kwa hiyo huwa yogakaraka, sayari ya kumwinua mwenye ramani. Akikaa nyumba ya saba hupata nguvu ya upande, dig bala. Na ukigawa kila burji mafungu tisa, ile ramani ya navamsha inayotazamwa kwa ndoa, Zohali huyu anaangukia Mizani, burji anayotukuka. Huyu ni mzee mkali, lakini mzee mwenye mali na heshima zake, na kitanda cha mtoto kiko chumbani kwake.

Ndoa yake imekwendaje? Naieleza kwa ruhusa yake. Alichumbiwa 2014. Harusi ikapangwa 2015, shehena ya vyombo imeshanunuliwa, baba wa mchumba akafariki. Ikasogezwa. Wakapanga tena, mchumba akapata kazi Muscat, akaondoka wiki tatu kabla ya tarehe. Ikasogezwa. Mwaka 2016 mambo yakafa bila ugomvi, kimya tu. Vyombo vile vilikaa chini ya kitanda cha mama kwenye maboksi yake, na mdogo wangu kila Ijumaa alikuwa akiyafuta vumbi. Sikumwona akilia hata siku moja. Ndiyo sababu simu ya juzi imenishtua.

Hili la kupanga na kusogeza, kupanga na kusogeza, lina jina lake. Wanajimu wa Kusini mwa India huliita punarphoo. Linatoka kwenye neno punarbhu, mwanamke aliyeolewa mara ya pili, na tayari Varahamihira wa Ujjain, karne ya 6, alimtaja punarbhu kwenye yuti hii. Utaona tafsiri yenyewe inasema kitu kikirudiwa, si kitu kikifa.

Aliolewa 2021. Mume ni mkubwa kwake kwa miaka 14, mjane, mtu wa Lamu, anasomesha madrasa na ana duka. Mwenye macho na atazame: mume mtu mzima, kwa sababu ya Zohali nyumba ya saba. Ametoka mbali, kwenye ukoo wa elimu ya dini, kwa sababu ya ule mbadilishano na nyumba ya tisa. Na ndoa imekuja mara ya pili.

#6 Kaka Falaki

Mleta uzi umefanya kazi, hongera. Lakini niseme penye shaka. Umekwepa neecha bhanga. Ili unyonge wa Mwezi uvunjwe, mwenye burji, yaani Mirihi, anatakiwa awe kwenye nguzo, ya kwanza, ya nne, ya saba au ya kumi, kuhesabu toka lagna au toka Mwezi. Hapa Mirihi ni wa tisa toka lagna, wa tatu toka Mwezi. Zuhura, anayemiliki burji anayotukuka Mwezi, ni wa sita toka lagna, wa kumi na mbili toka Mwezi. Hakuna nguzo. Mwezi umebaki mnyonge, tusimpambe.

#7 Mtoto wa Chumbageni

Kaka Falaki, ndicho nilichokuwa nakitafuta humu. Umehesabu sawa. Lakini kuna sharti jingine kwenye vitabu vya zamani: hao wawili, mwenye burji ya kushuka na mwenye burji ya kutukuka, wakiwa kwenye nguzo wao kwa wao, unyonge pia huvunjwa. Hesabu kutoka Mizani aliko Zuhura mpaka Mbuzi aliko Mirihi: Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi. Nne. Zuhura yuko burji yake mwenyewe, Mirihi katukuka, na wanatazamana kwa nguzo.

Pamoja na hayo nakubaliana na wewe kwa nusu. Mzee wangu alikuwa akisema, bhanga haifuti kilichotokea. Mtoto aliyelala njaa kisha akatajirika, alilala njaa. Mdogo wangu alizaliwa ndani ya mahadasha, kipindi kikuu cha maisha, ya Zohali, kwa sababu Mwezi wake uko Anuradha na Anuradha ni ya Zohali. Zohali humiliki miaka 19, yeye alikuta nusu imeshaliwa, ikambakia kama miaka tisa na nusu, hadi 1996. Utoto wake wote. Baba alifariki yeye ana miaka sita. Yeye ndiye aliyekuwa akikaa na mama usiku mama asipolala, ana miaka sita, anamshikia kikombe. Sisi wakubwa tulikuwa shule ya bweni. Mimi nikimsoma mtu mwenye yuti hii, siku hizi huanza kwa kuuliza: ulipokuwa mdogo, ni nani ulikuwa unamlea? Sijakutana na hata mmoja aliyeniuliza kwa nini nauliza. Wananyamaza kidogo, halafu wanaanza kueleza.

#8 Mpenda Amani

Samahani nyote. Sisi Waislamu tuna hadithi iliyo wazi kuhusu anayemwendea mpiga ramli, sala zake hazikubaliwi siku 40. Kwa nini kujiingiza huku? Mama yenu yuko chini ya qadari ya Mola, si ya Zohali.

#9 Mtoto wa Chumbageni

Mpenda Amani, sikukasirikii. Mama yangu ana msimamo huo huo, na aliponijibu ile habari ya saa alinijibu kwa sharti kwamba nisimwambie ramani inasema nini. Nimelishika sharti hilo. Ajali ya mtu, yaani siku yake ya kufa, sisemi na sitasema, hiyo ndiyo haswa sababu ya uzi huu. Kuna mtu amemtangazia mwanamke kifo cha mama yake kwa ujumbe wa simu, na saa yenyewe si yake. Hilo mimi na wewe tunalikataa pamoja.

#10 Mwalimu wa Hesabu

Nimesoma yote kwa makini maana mnahesabu vizuri. Nina jambo la kuweka mezani kwa heshima. Mwanafalaki wa Pune, Jayant Narlikar, na wenzake walifanya jaribio Maharashtra mwaka 2008. Walikusanya ramani za wanafunzi hodari na za watoto wenye ulemavu wa akili, wakawapa wanajimu 27, kila mmoja ramani 40, watenganishe. Wakapatia asilimia 46. Ukirusha sarafu unapata 50. Wewe umeisoma ramani ya mdogo wako ukiwa unajua tayari kwamba kaolewa na mtu wa Lamu. Je, ungepewa ramani ya mtu usiyemjua?

#11 Mtoto wa Chumbageni

Mwalimu, jaribio hilo nalijua na sina namba ya kulipinga. Swali lako ni la haki, nalijibu moja kwa moja: nisingeweza kusema Lamu. Ningesema mume mtu mzima kuliko yeye, ningesema ucheleweshaji, ningesema mbali na kwao. Na ningeweza kukosea hata hapo. Nimewahi kukosea. Kuna kijana nilimwambia mwaka fulani ni wa kazi, akakaa nyumbani mwaka mzima, na hadi leo akiniona hunisalimia kwa adabu ileile na mimi naona haya.

Kinachonibakiza kwenye elimu hii ni kwamba inanipa utaratibu wa kumsikiliza mtu kwa muda mrefu bila kumkatiza. Nyumba kumi na mbili, kila moja na maswali yake. Kama mizani ya kisayansi inasema haitabiri, basi iwe sababu zaidi ya kuufunga mdomo kwenye vifo na talaka.

#12 Mwalimu wa Hesabu

Umejibu kiungwana. Nabaki na shaka yangu lakini nafuatilia.

#13 Msafiri wa Leicester

Kwetu Leicester Wagujarati waliotoka Uganda na Kenya wako wengi, na jirani yangu bibi mmoja wa Kampala akisikia Zohali husema "panoti", kisha hugusa sikio. Nataka kujua, hiyo panoti ndiyo Sade Sati? Na mdogo wako yuko ndani yake sasa? Pia nimeona mahali kwamba sayari zikikaribiana chini ya digrii moja zinapigana vita. Kwenye ile ramani ya makosa Mwezi na Zohali walikuwa karibu hivyo, si vita hiyo?

#14 Mtoto wa Chumbageni

Vita, graha yuddha, ni ya Mirihi, Utaridi, Mushtara, Zuhura na Zohali peke yao. Jua na Mwezi hawapigani, Rahu na Ketu pia. Kwa hiyo hata kwenye ramani ile ya makosa hapakuwa na vita.

Panoti, ndiyo. Kubwa ni Sade Sati, miaka saba na nusu, Zohali akipita burji iliyo kabla ya Mwezi wako, ya Mwezi wenyewe, na inayofuata. Mdogo wangu Mwezi wake Nge, kwa hiyo yake ilianza Zohali alipoingia Mizani Novemba 2011, ikaisha alipoingia Mbuzi tarehe 24 Januari 2020. Ongeza kurudi nyuma kwake, ikazidi miaka minane. Na mwaka 2015, ule wa harusi mbili zilizosogezwa, Zohali alikuwa akipita juu kabisa ya Mwezi wake, digrii kwa digrii, akienda, akirudi, akienda tena. Ilikuwa pia mahadasha ya Ketu, anayekata. Mimi wakati ule nilikuwa naziona tarehe hizo kwenye kalenda, na sikumwambia neno. Nilikuwa namletea samaki Jumamosi tunapika pamoja.

Panoti ndogo, miaka miwili na nusu, ni Zohali akiwa wa nne au wa nane toka Mwezi. Ya nne ilimpata alipokuwa Ndoo, kuanzia Januari 2023, ikaisha tarehe 29 Machi 2025 alipoingia Samaki. Kwa hiyo sasa hana panoti yoyote, na yule mnajimu, hata kwa saa mbovu, burji ya Mwezi ilikuwa ileile, angeweza kuliona hilo na kumpa moyo.

Ila kuna jambo la kweli la sasa hivi, na sitalificha. Yuko mahadasha ya Zuhura tangu 2020, na ndani yake amefika kipindi kidogo cha Mwezi, kilichoanza mwishoni mwa 2024 hivi na kinaendelea hadi 2026. Kipindi cha Mwezi ndicho kinachoamsha yuti. Ndiyo maana naamini usingizi wake umeharibika, ndiyo maana alienda kutafuta mnajimu saa hizo. Hapo mtu anahitaji mtu wa kukaa naye.

#15 Bi Mashuke

Na lile jiwe? Mimi nilikuwa nataka kumnunulia mwanangu.

#16 Mtoto wa Chumbageni

Bi Mashuke, ngoja kwanza.

Tuchukue ramani ya makosa, ile aliyoishika mnajimu mwenyewe. Lagna Simba. Kwa Simba, Zohali anamiliki nyumba ya sita na ya saba. Ya sita ni maradhi, madeni na maadui. Mwenye lagna ni Jua, na Jua na Zohali ni maadui. Jiwe huongeza nguvu ya sayari yake, haliigeuzi tabia. Kwa ramani hiyo yakuti samawi ingekuwa jiwe la mwisho kabisa kulifikiria. Yaani kwa kanuni zake mwenyewe hakumpa dawa.

Chukua ramani ya kweli, lagna Ng'ombe. Hapa wapo watakaosema Zohali ni yogakaraka, mvike. Hoja ina uzito. Lakini Zohali huyu amekaa digrii chache na Mwezi mnyonge, na nguvu tayari anayo, ya upande na ya navamsha. Ukimwongezea, anayebanwa ni Mwezi. Mzee wangu kwenye yuti ya aina hii hakuvisha jiwe. Alikuwa akimwambia mtu awe na Jumamosi yake: ufuta mweusi, mafuta ya ufuta kwenye taa, na chakula kwa mzee asiye na mtu. Yeye mwenyewe kila Jumamosi mchana alimpelekea mlinzi wa jengo la jirani, mzee Mmakonde, sahani ya khichdi na limau. Walikuwa wakila pamoja kwenye ngazi.

#17 Kaka Falaki

Hapa kwenye jiwe nakuunga mkono mia kwa mia. Ningeongeza tu Mushtara. Toka Ndoo anatazama Mizani kwa mtazamo wake wa tisa, kwa hiyo anamlinda Zuhura, mwenye lagna. Na anatazama Simba, nyumba ya nne ya ramani ya kweli, kwa mtazamo wa saba. Zohali na Mirihi pia wanaitazama hiyo nyumba ya nne, kwa hiyo mama amebeba mengi, lakini Mushtara naye yupo. Ulipomtaja mama hukulisema.

#18 Mtoto wa Chumbageni

Sikulisema kwa sababu ya lile sharti la mama, maana mdogo wangu anausoma uzi huu na anaweza kumfikishia. Lakini umeshalisema wewe, na limesemwa vizuri. Asante ndugu yangu.

#19 Kijana wa Ukonga

Mkuu, vipi mdogo wako sasa?

#20 Mtoto wa Chumbageni

Jana nilikwenda kwake na karatasi mbili, ya Simba na ya Ng'ombe, nikaziweka sakafuni sambamba. Nikamwonyesha mshale wa saa, ule usiku wa Jumatano. Akaziangalia muda mrefu. Halafu akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo mama alikuwa macho mpaka saa tatu na nusu peke yake?" Nikamwambia mkunga alikuwepo, na chemli.

Akampigia simu mama hapohapo, hawakuzungumza nyota. Walizungumza bei ya nazi. Mumewe alikuwa kibarazani anasikia, akaingia akazikunja karatasi zangu akaziweka juu ya kabati. Leo asubuhi amenitumia ujumbe kwamba alilala hadi adhana ya alfajiri bila kuamka.

Atakayekuwa na yuti ya Mirihi na Zohali aweke hapa, burji, nyumba na lagna, na saa ya kuzaliwa aiandike kwa maneno: asubuhi, jioni, usiku wa kuamkia siku gani. Nitajibu nikitoka kazini.